Nilivyowachangamsha Watu wa Bwegera na Kalundu

Leo nimepatikana, ndugu zangu. Nimepatikana mchana kweupe, katikati ya kiwanja cha mpira cha shule yetu hapa Uvira, mbele ya watu mia nne. (Mia nne ni wale waliokaa chini. Waliopanda ukuta sikuwahesabu.)

Filipo, Damasi, Eustaki: nawaandikia ninyi watatu barua moja, mpokezane, maana kisa hiki sina nguvu ya kukiandika mara tatu. Na nawaandikia leo leo, kabla hakijawafikia huko Baraka kwa midomo ya wauza samaki, kikiwa kimetiwa chumvi kuliko ndagala wao.

Mnajua kwamba zimebaki siku tano tupate Uhuru. Mji mzima hauna kazi nyingine. Akina mama wanapaka nyumba chokaa, watoto wanaimba mpaka sauti zinakauka, na kamati ya sherehe inakutana shuleni kwetu kila siku, mwenyekiti wake akiwa mkuu wa shule, direkta wangu. Leo ilikuwa siku ya mazoezi. Watu wa Kalundu walikuja kwa miguu: wapagazi wa bandari, wavuvi, wauza samaki. Watu wa Bwegera, wakulima wa mpunga kule tambarare, walikuja kwa malori. Walitoka kwao bado giza, wamevaa nguo za misa. Wote walikuwa wanamngoja mjumbe wa sherehe kutoka Bukavu, aje aone kama Uvira tuko tayari.

Hatukuwa tayari. Siku ya Uhuru watu wataandamana kutoka kanisani mpaka kiwanjani. Bwegera wanasema watatangulia wao, kwa sababu ndio wanaolisha mji. Kalundu wanasema watatangulia wao, kwa sababu mji ni wao. Wamebishana wiki nzima. Leo Bwegera walikaa kulia, Kalundu kushoto, na katikati wakaacha nafasi ya kupitisha ng'ombe. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Direkta alikuwa na hofu kwamba mjumbe akiwakuta vile, atafuta maandamano yote na kutuambia kila mtu asherehekee kwake.

Habari ikaja kwamba gari la mjumbe limeharibika njiani, Kamanyola. Atachelewa.

"Nani anaweza kuwachangamsha hawa watu mpaka afike?" direkta akatuuliza sisi walimu. "Wacheke kidogo. Wachanganyike kidogo."

Nikanyoosha mkono. (Hakuna aliyenitaja jina. Hakuna aliyenisukuma. Mkono ulipanda wenyewe, mimi nikaufuata.)

Mnakumbuka mwaka jana nilikwenda Bukavu wiki mbili kujifunza michezo ya vijana? Mnakumbuka, maana niliporudi mlinikataza kuizungumza. Kule nilifundishwa michezo ya kuchangamsha kundi kubwa, michezo isiyotaka mpira wala kamba, mdomo na mikono tu. Nilipewa hata karatasi yenye muhuri. Nimeitundika juu ya kitanda.

"Bwana direkta," nikasema, "watu mia nne ni wachache."

(Hayo maneno yahifadhini. Nikifa, yachongeni kwenye msalaba wangu.)

Direkta akatoa filimbi mfukoni. "Vema, Anselmi. Ukifaulu leo, siku ya Uhuru wewe ndiye utakayetangulia maandamano yote, na filimbi hii mkononi. Ukishindwa, nampa katekista."

Ndugu zangu, niliitaka nafasi ile mpaka mate yakanikauka! Mimi ni moniteri tu, mwalimu wa darasa la pili. Tangu nizaliwe sijatangulia chochote. Kwenye picha yetu ya kumaliza shule naonekana sikio tu, tena la kushoto. Na Uhuru hauji mara mbili. Nilishamwona mama yangu amesimama kando ya barabara akiwaambia majirani: yule wa mbele kabisa, yule mwenye filimbi, yule ni wangu. Nikaichukua filimbi, nikaenda kusimama kwenye ile nafasi ya ng'ombe.

Nikaanza na mchezo wa mvua.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kila mtu anapiga kiganja kwa kidole kimoja, yanasikika matone. Kisha vidole viwili, vitatu, mkono mzima, halafu miguu chini, na hiyo ndiyo radi. Kule Bukavu tuliucheza watu sitini ndani ya ukumbi, na mpishi alitoka mbio kuanua nguo. Nikawaza, watu mia nne itakuwa gharika!

"Kidole kimoja!" nikaita.

Kalundu wakaanza. Ti, ti, ti, ti. Bwegera kimya. Mikono mapajani.

Akasimama mzee Bastiani, ambaye ndiye msemaji wao. Akavua kofia yake polepole, nami nikajua kofia ile haivuliwi kwa heshima.

"Moniteri, weye uko mutoto ya wapi?"

"Wa hapa hapa, mzee. Kalundu."

"Njo maana. Mupunga yetu yote iko inje, juu ya mikeka, inakauka. Na weye unakusanya bantu mia ine baite mvua?"

"Ni mchezo tu, mzee."

"Mvua haijui muchezo."

Bwegera wote wakaguna kwa kukubali. Na ni kweli, hata mtoto wa kule tambarare anajua: mpunga ukiwa umeanikwa, mvua hata jina lake halitajwi ovyo. (Mimi nimekulia kwenye samaki. Mpunga naujua ukishafika kwenye sahani.)

Kalundu waliposikia hivyo wakaona raha tupu. Wakapiga vidole viwili bila kuambiwa. Wakapiga vitatu. Wakapiga miguu! Kiwanja kikanguruma. Mama mmoja wa Bwegera akatazama juu. Mwezi wa sita huu, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la dawa, lakini akajifunga kitenge vizuri kama mtu anayetaka kukimbilia nyumbani. Vijana wawili wakaenda kuwaamsha madereva wa malori.

Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaniuma. "Basi! Basi! Mvua imekatika!"

"Imekatika kabisa?" akauliza mzee Bastiani.

"Kabisa, mzee. Nimeikata mimi mwenyewe."

Akaketi. Kofia hakuivaa.

Hapo mtu mwenye akili angemwita katekista. Mimi nikakumbuka karatasi yangu yenye muhuri, nikaingia mchezo wa pili.

Kule Bukavu mchezo huu unaitwa Jaki amesema. Ukiambiwa "Jaki amesema, simama," unasimama. Ukiambiwa "simama" tu, bila Jaki, husimami, na ukisimama umekosea, unatoka mchezoni. Sasa mimi nikajiuliza, Uvira nani anamjua Jaki? Nikatafuta jina ambalo kila mtu analijua, jina la mtu ambaye akisema jambo linafanyika. Nikaona nimepata: kapita, msimamizi wa kazi. Nikajipongeza kimoyomoyo!

"Kapita amesema," nikaita kwa sauti ya juu, "shika kichwa!"

Bwegera wakashika vichwa mara moja, wamefurahi kwamba sasa hakuna mvua. Kalundu hakuna aliyeshika hata sikio. Wapagazi wakafunga mikono vifuani, mstari mzima.

"Kapita gani?" akauliza mpagazi mmoja aliyekaa mbele.

"Kapita wa mchezo."

"Moniteri, miaka kumi na tano kapita ananiambia inama, beba, simama, beba tena. Imebakia siku tano. Siku tano! Na weye unamuleta tena mpaka huku?"

Makofi yakalipuka upande wa Kalundu. Nikafungua mdomo nijitetee, na papo hapo nyuma ya wapagazi akainuka mtu mnene mwenye kiko mdomoni. Alikuwa kapita Mulenda. Kapita mwenyewe! Yule yule anayewasimamia bandarini!

"Na minye sikusema bashike kichwa," akasema. "Minye niko hapa tangu asubuhi, sijafungua kinywa. Muntu asiniwekee maneno."

"Si wewe, kapita, ni..."

"Kapita mwingine wa Kalundu iko nani?"

Hakuna mwingine. Kapita wa Kalundu ni yeye.

Nikaona afadhali niwageukie Bwegera, ambao maskini bado walikuwa wameshika vichwa, kwa kuwa sikuwa nimewaambia waachie. Nikasema, wacha angalau hawa wacheze.

"Inua mikono!" nikaita, bila kapita.

Wote wakainua. Wazee, akina mama, wote.

"Mmekosea!" nikapiga kelele kwa furaha. "Kapita hakusema! Mliokosea wote, tokeni!"

Mikono ikabaki juu. Ndugu zangu, mikono ile bado naiona. Mimi na ninyi tumekulia katika nchi hii, tunajua maana ya kuambiwa toka kwenye mstari. Baba zetu walioambiwa toka kwenye mstari walipewa chepe, wakaenda kuchimba barabara. Nami nimesimama pale na filimbi, nimevaa kaptula ya kaki (kaptula ya kaki, jamani, kama mzungu wa serikali!), nawatoa watu mia mbili kwa mara moja, siku tano kabla ya Uhuru.

"Tutoke twende wapi?" akauliza yule mama wa kitenge. Nikajisikia vibaya kweli. "Tumetoka Bwegera na giza. Tumefika, unatufukuza. Juu ya kuinua mikono? Si weye njo umesema tuinue?"

Kabla sijajibu, upande wa kushoto akasimama Mama Sifa. Mama Sifa anauza samaki Kalundu, na sauti yake mnaijua hata mkiwa Baraka. Akakung'uta kitenge. Akavuka ile nafasi ya ng'ombe, wa kwanza kuivuka leo, akaenda kusimama kati ya akina mama wa Bwegera.

"Bamama, mukae," akawaambia. "Hapa hakuna muntu anatoka. Kama iko muntu wa kutoka, ni huyu."

Kidole kikanielekea. Na watu mia nne, waliokuwa hawasalimiani wiki nzima, wakaitikia kwa sauti moja: "Njo vile!"

(Direkta aliniagiza niwaunganishe. Nimewaunganisha.)

Nikageuka niondoke. Mama Sifa akanishika mkono.

"Uende wapi? Muchezo uko muzuri, mwenye kuuchezesha njo mubaya. Tuanze tena. Ila sasa siye tutasema, na weye utafanya."

Nikamtafuta direkta kwa macho. Alikuwa amekwenda barabarani kuchungulia gari.

"Mama Sifa amesema, moniteri ashike kichwa!"

Nikashika kichwa. Kicheko cha kwanza hicho.

"Ruka!"

Nikaruka.

"Umekosea! Mama Sifa hakusema!"

"Basi nitoke?" nikauliza kwa matumaini.

"Nani alisema muntu anatoka? Simama hapo!"

Hapo ndipo watu walipochangamka. Kila mtu akataka kusema! Mpagazi yule wa mbele akasema nibebe gunia. Nikabeba gunia la hewa, nikayumba nalo, wapagazi wakapiga kelele kwamba ningekuwa kwao ningefukuzwa kabla ya saa nne. Mzee Bastiani akasimama tena, safari hii kofia iko kichwani.

"Bastiani amesema, moniteri apepete mupunga!"

Nikapepeta. Sijawahi kupepeta mpunga maisha yangu yote. Akina mama wa Bwegera wakacheka mpaka wakashikana mabega, na yule wa kitenge, yule niliyekuwa nimemfukuza, akaja kunishika viwiko anionyeshe. "Hivi, hivi, usirushe kama unatupa maji." Wauza samaki wa Kalundu nao wakainuka wakajaribu, wakawa wabaya kuliko mimi. Basi ikawa wanafundishana, huku wanachekana, na mimi nimesahauliwa kidogo. Nikavuta pumzi. Nikaangalia miguuni kwangu nikaona ile nafasi ya ng'ombe imejaa watu. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa nimelowa jasho, heshima yangu imekwenda, lakini nilifurahi.

Halafu mtu akapiga kelele: "Kapita naye aseme!"

"Kapita! Kapita! Kapita!" Hata wapagazi. Hasa wapagazi, kwa kuwa leo anayeamrishwa si wao.

Kapita Mulenda akajivuta mpaka mbele. Alikuwa amelisubiri jambo hili tangu nilipomwekea maneno mdomoni.

"Kapita amesema," akaanza, na watu wakatulia, "moniteri achuchumae."

Nikachuchumaa.

"Kapita amesema, atembee kama bata mpaka kule barabarani. Na filimbi mudomoni."

Ndugu zangu, kutoka pale mpaka barabarani ni goli hadi goli. Nikatembea kama bata. Kila hatua filimbi inalia yenyewe, pii, pii, kwa kuwa kila hatua pumzi inanitoka. Watu wananisindikiza pande zote, wanapiga makofi kufuata filimbi, wengine wanalia kwa kicheko. Sikuweza kuinua kichwa. Niliangalia udongo. Nikaona majani, nikaona ganda la ndizi, nikaona udongo tena. Kisha nikaona viatu.

Viatu vyeusi. Vimepakwa rangi vikang'aa, vikapata vumbi la Kamanyola.

Nikainua macho polepole. Suruali. Tai. Uso nisioujua. Na pembeni yake uso ninaoujua sana, wa direkta wangu, umekauka.

"Huyu," direkta akasema kwa shida, "ndiye moniteri wetu wa michezo."

Mjumbe akaninyooshea mkono. "Simama, bwana moniteri, tusalimiane."

Nikatoa filimbi mdomoni. Na hapa ndipo ninapowaomba mnielewe. Nilikuwa nimeshaamrishwa nusu saa nzima. Kichwa kilikuwa kimezoea. Ulimi ukajibu kabla yangu:

"Samahani, bwana mjumbe. Kapita hajasema."

Watu mia nne wakaanguka. Sisemi kwa kutia chumvi, nimewaona watu wazima wamelala chini. Mjumbe akaniangalia mimi. Akamwangalia direkta. Akaangalia ule umati.

"Kapita yuko wapi?" akauliza.

Kapita Mulenda alikuwepo. Lakini alikuwa ameamua kwanza kujaza kiko. Akatoa tumbaku. Akaibana kwa kidole gumba. Akajipapasa mifuko yote, kiberiti hakuna. Mapaja yangu yanawaka moto! Mzee Bastiani wa Bwegera akatoa chake, akamwashia kwa mkono wake mwenyewe, bila haraka yoyote. Kapita akavuta. Akatoa moshi.

"Kapita amesema," akasema mwishowe, "bwana ya Bukavu amusimamishe."

Mjumbe akanivuta kwa mikono miwili. Nikasimama nikiwa nimepinda.

Yeye mwenyewe alikuwa anapangusa macho. Alipotulia akamgeukia direkta. "Niliambiwa hapa kuna ugomvi. Nionyeshe, watu wa Bwegera ni wapi, na wa Kalundu ni wapi?"

Direkta akainua mkono aonyeshe. Akaushusha. Hakujua aonyeshe wapi. Mjumbe akaandika kwenye daftari lake kwamba Uvira wako tayari, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Nikadhani nimepona. Lakini direkta akaja, akanyoosha kiganja, nikaelewa. Nikampa filimbi. Akampa Mama Sifa. Alifanya sawa, maana aliyewachezesha watu ni yeye. Roho iliniuma, lakini sikubisha. Nikaenda kukaa peke yangu kwenye kizingiti cha darasa langu, nikafikiria jinsi nitakavyomweleza mama.

Nikiwa pale nikasikia kelele zinarudi. Swali la nani atangulie maandamano lilikuwa limeinuka tena. Mzee Bastiani anasema, Mama Sifa anasema, watu wanasogea. Nikajiambia, aibu yote ile imekwenda bure.

Kisha wote wawili wakageuka kunitazama. Wakatazamana. Wakaanza kucheka.

"Atangulie bata!" mzee Bastiani akatangaza.

"Bata mbele, siye sote nyuma yake, pamoja!" akaitikia Mama Sifa.

Direkta akajaribu. "Jamani, Uhuru ni siku ya heshima..."

"Direkta, wiki nzima bantu banachukiana, leo banacheka. Unataka turudi kununiana?" akauliza Mama Sifa.

Direkta hakutaka. Likapita kwa makofi, Bwegera na Kalundu, bila mpinzani hata mmoja. (Mimi sikuulizwa.)

Kwa hiyo naandika barua hii nimelala kifudifudi, kwa sababu mapaja hayataki kukunjika. Mama amenikanda kwa maji ya moto. Nilimweleza yote, sikumficha kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Mbele kabisa?"

"Mbele kabisa, mama."

"Basi uchuchumae vizuri," akasema, "majirani watakuwepo."

Karibuni nanyi mje. Ila mcheke huko huko Baraka mmalize kabisa kabla ya kupanda boti, maana siku ya Uhuru nikifika mbele yenu sitakuwa na jinsi ya kukimbia.

Ndugu yenu,
Anselmi